Magoti ya Mjomba Masanja Yalivyokwenda Geita

Ninyi wenzangu mlio Kahama na Mwanza, na wewe uliyeko Mpanda ambaye simu yako hupatikana ukipenda, mmeniuliza kwa zamu kilichotupata Geita. Kila mmoja nilimpa kipande, na sasa nasikia vipande vimekutana huko vikazaa habari ambayo mimi mwenyewe siitambui. Yuko anayesema mjomba alimpiga daktari. Hakumpiga mtu. Nawaandikia yote, kuanzia Songwa.

Mambo ya fomu, picha ndogo na nakala nne nne nayaruka. Aliyewahi kuyapitia hahitaji kukumbushwa. Inatosha kujua hivi: Mjomba Masanja, kaka yake mama, alipigana vita vya Uganda akiwa kijana, na sasa magoti yake yamekwisha. Hospitali waliita baridi yabisi. Mjomba akasema Songwa hakuna baridi, hayo ni magoti ya vita. Akaomba malipo ya ulemavu wa vitani, akanyimwa. Barua ya kumnyima ilikuwa na sentensi moja ambayo ukoo mzima uliishika kichwani kama sala: "Mhusika alisimama wima bila msaada na akabaki amesimama muda wote wa mahojiano."

Maana yake tuliiona wazi. Mjomba alikuwa ameona wakubwa, akasimama, akapiga saluti, akabaki kama mlingoti mpaka wakamwandika mzima. Ndivyo alivyo. Wimbo wa taifa ukipigwa redioni anasimama, hata akiwa na sahani mkononi. Mwenyekiti wa kitongoji akipita anasimama. Basi kikao cha ukoo kikaamua kwamba kwenye rufaa apelekwe na mtu wa kumkalisha. Wakatazamana wao kwa wao, kisha wakanitazama mimi, maana katika ukoo ule ni mimi peke yangu ninayejua barabara zote na sina mwajiri wa kuniuliza nitarudi lini.

"Shija," dada yangu mkubwa aliniambia, "kazi yako ni moja tu. Awe amekaa. Baada ya hii hakuna rufaa nyingine. Ikishindikana, basi, tumeshazeeka naye hivyo hivyo."

Nikakubali. Nilidhani kumkalisha mzee kwenye kiti ni kazi ndogo.

Songwa hadi Shinyanga mjini

Jirani yetu mwenye lori dogo la Kenta alikuwa anapeleka choroko mjini, akatupa lifti. Alimfungulia mjomba mlango wa mbele kwa heshima zote.

"Karibu mbele, mzee."

"Mbele akae Shija," mjomba akasema. "Mimi nitakuwa nyuma."

Nilimbembeleza. Dereva akabembeleza. Mjomba alikuwa amevaa shati jeupe, viatu vimepigwa rangi mpaka vinaonyesha mawingu, na nishani yake moja kifuani. Vijana wawili wa magunia wakamvuta juu, akashika bomba la nyuma ya kichwa cha gari, akanyoosha mgongo. Tukaondoka hivyo: mimi nimekaa mbele kama tajiri, mzee wa nishani amesimama juu ya choroko kama anakagua gwaride.

Tulipoikaribia njia ya Mwadui niliomba tusimame kidogo. Ninyi mnajua udhaifu wangu. Nikiwa mtoto nilikuwa natoka nyumbani kwenda kutazama tu taa za mgodi wa almasi zikiwashwa jioni, upande ule wa uzio ambako watu walikuwa na mabomba ya maji ndani ya nyumba. Nadhani ndiko nilikopata ugonjwa huu wa kutaka kuwa kila mahali nisipokuwa. Nilishuka nikatazama, nikakuta uzio ni uzio.

Kusimama kule kulinigharimu. Akina mama wanaouza karanga na viazi vya kuchemsha walikuja kwenye gari, wakaniona mimi nikirudi kiti cha mbele.

"Wee kaka," mmoja akasema, "yule mzee kule juu ni nani yako?"

"Mjomba wangu."

Akamgeukia mwenzake. "Eti mjomba wake."

"Amekataa mwenyewe kukaa," nikasema.

"Ndiyo, amekataa. Na wewe ukakubali haraka."

Walimpa mjomba viazi bure. Mimi waliniuzia.

Shinyanga hadi Ushirombo

Stendi ya Shinyanga tulisubiri basi saa tatu nzima kwa sababu lilikuwa "linaingia sasa hivi". Mjomba alisubiri ameegemea nguzo. Huko ndiko tulikokutana na bwana mmoja aliyevaa koti la suti na kandambili, ambaye baada ya kuisoma nishani ya mjomba kwa macho alijua safari yetu yote.

"Bodi ya rufaa?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mnaingia mikono mitupu hivyo?"

"Tuna nyaraka," nikasema.

"Nyaraka kila mtu anazo. Magongo mnayo?" Akafunua turubai. Palikuwa na magongo ya kila kimo, na shingo mbili za plastiki za watu waliopata ajali. "Nakodisha. Unayarudisha ukipita. Haya marefu yamemwingiza mtu kwenye malipo mwezi uliopita, na hapa alikuja mbio akilikimbilia basi."

Nakiri kwamba nilianza kupima kimo cha mjomba kwa macho. Mjomba alimtazama yule bwana kuanzia kandambili hadi koti.

"Kijana, wewe unataka nikodi ugonjwa, na mimi ninao wa kwangu?"

"Mzee, ugonjwa wako hauonekani."

"Kama hauonekani," mjomba akasema, "nitawaambia."

Bwana yule akafunika turubai lake na kunitazama mimi kwa huruma, kama mtu anayemtazama fundi aliyepewa kazi bila nyundo.

Basi lilipokuja, mjomba alipanda ngazi zake kwa kuvutwa mkono, akakataa kiti chake cha dirishani, akasimama kwenye njia ya kati ameshika chuma. Nilianza kukasirika. Nilimwambia kwamba kiti kimeshalipiwa. Akasema basi na kiti kipumzike.

Kabla ya mizani basi lilipunguza mwendo. Mnajua utaratibu: gari likizidi uzito, baadhi ya abiria hushushwa wavuke mizani kwa miguu na kupandia upande wa pili, na basi linapita likiwa jepesi na lenye adabu. Konda akatazama ndani kutafuta wa kuwashusha. Waliokaa wote walijifanya wamelala, hata mama mmoja aliyekuwa katikati ya kula ndizi. Konda akamwona aliyesimama.

"Wewe mzee, na nyie wa nyuma, shukeni mvuke."

Nilisema, "Huyu ni mgonjwa wa magoti."

"Mgonjwa wa magoti amesimama tangu Shinyanga?" konda akauliza, na basi zima likacheka, hata waliolala.

Mjomba hakubishana. Aliyetoa amri ametoa amri. Akashuka kinyumenyume, ngazi moja moja, akavuka mizani mwendo wa polepole, kifua mbele, huku nikimfuata nikiwa nimebeba begi na hasira. Tulipofika upande wa pili basi lilikuwa limetungojea mpaka dereva ameshuka kununua mahindi. Kupanda tena kulihitaji watu watatu. Hakuna aliyecheka hapo. Konda mwenyewe alimshika kiuno, akasema, "Samahani, baba, ungeniambia."

"Umeambiwa," mjomba akamjibu.

Na akarudi kusimama.

Ushirombo

Tulipita Ushirombo kwa ajili ya shahidi. Bodi ilitaka mtu aliyekuwa na mjomba vitani athibitishe kwa maandishi, na aliyebaki hai na mwenye anwani alikuwa Mzee Jumanne, fundi cherehani, ambaye duka lake halipo mbali na misheni ya zamani. Hawakuwa wameonana miaka mingi. Nilitegemea machozi. Walisimama wakapigiana saluti, kisha Mzee Jumanne akasema, "Umekuwa mbaya, Masanja," na mjomba akasema, "Wewe hukuwa na pa kuharibika."

Shahidi hakuweza kuandika kabla hatujala. Hatukuweza kula kabla ya swala ya adhuhuri. Baada ya swala ukaja ugali wa muhogo na kuku aliyekuwa akitembea dukani tulipofika. Mjomba alikula amesimama dirishani, sahani juu ya meza ya kukatia vitambaa, na Mzee Jumanne hakushangaa hata kidogo. Kisha wakaingia kwenye ubishi kuhusu nani alimbeba nani walipovuka mto. Kila mmoja alikuwa amembeba mwenzake. Saa mbili zilipita, na hakuna aliyekubali kuwa mzigo.

Hatimaye Mzee Jumanne alichana karatasi kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Nikamsogelea.

"Mzee, shikamoo tena. Tungeomba utaje magoti."

"Marahaba. Magoti gani?"

"Ya mjomba. Kwamba aliumia, kwamba alikuwa anapata shida."

Aliivua miwani. "Kijana, unataka nimwandikie mwenzangu serikalini kwamba alikuwa goigoi?"

"Hapana, mzee, ila—"

"Kaa hapo."

Mimi nikakaa. Aliandika kwa dakika kumi, akaipiga karatasi muhuri wa duka lake wenye picha ya mkasi, akatusomea kwa sauti ya paredi:

"Mimi Jumanne nathibitisha kwamba Masanja alikuwa askari hodari kuliko sote. Alibeba mgongoni kitako cha mzinga, lile pande la chuma linalowekwa ardhini, na wengine tulipopokezana mizigo yetu yeye alikataa kupokewa, safari nzima. Alianguka nacho kwenye mawe mara mbili na mara zote mbili aliinuka mwenyewe. Hatukuwahi kumsikia akilalamika. Mtu huyu ni chuma."

Mjomba alifumba macho kwa raha. Mimi niliona rufaa ikizikwa kwa heshima zote za kijeshi. Tumepanda mabasi kwenda kuthibitisha kwamba mtu ni mlemavu, na shahidi wetu pekee ameandika kwamba mtu huyo ni chuma.

Nikaikunja ile barua haraka na kuitia mfukoni mwangu, nikiwa na nia mbaya kabisa. Tulipofika njiani mjomba akanyoosha mkono.

"Lete."

"Nitaitunza mimi, mjomba."

"Nyaraka za jeshi hazikai mfukoni mwa raia."

Katoro

Katoro nilichimba dhahabu miaka mitatu nikiwa kijana, na wawili kati yenu mlikuwapo. Nilitafuta mahali ilipokuwa ile nyumba yetu ya maturubai. Pana duka la simu. Karasha bado zinasaga mawe mchana kutwa na vumbi lake bado linakaa kwenye chai. Mama Neema pia bado yupo, yuleyule aliyekuwa akitupikia kwa mkopo, ila sasa ana mabati na feni.

"Shija," akasema, kana kwamba nilitoka juzi. "Huyu uliyekuja naye ndiye nani?" Nilipomwambia, akakunja magoti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu ukae."

Alimsogezea kiti cha plastiki, vile vifupi vya mama lishe. Mjomba alikitazama kile kiti jinsi mtu anavyotazama kisima. Akashukuru, akachukua sahani yake ya wali na dagaa, akaenda kuegemea ukuta.

Uvumilivu uliniishia. Nikamwambia Mama Neema habari yote, kwa sauti ambayo mjomba asingeisikia kwa sababu ya kelele za karasha: barua ya kunyimwa, kazi niliyopewa, ukaidi wa mzee huyu anayependa kuonekana askari, na kwamba kesho asubuhi ataingia mbele ya bodi asimame kama bendera na mambo yaishe.

Mama Neema aliacha kugeuza dagaa.

"Unamkumbuka Baba Neema?"

Nilimkumbuka. Mumewe alikuwa mchimbaji, miaka mingi chini kwenye duara, shimo la dhahabu, akipasua mwamba amepiga magoti kwa sababu mle ndani hapasimamiki.

"Mtazame kule."

Nikatazama. Baba Neema alikuwa upande wa pili wa uwanja, ameegemea nguzo ya kibanda cha karasha, sahani ya wali mkononi. Anakula amesimama.

"Mwaka wa nne huu," mkewe akasema. "Hata kanisani anasimama nyuma, watu wanamsifu ana ibada. Shija, akishakaa, kuinuka ni kazi. Lakini kukaa kwenyewe ndiko kunakomliza. Kushuka, yaani. Goti linapokunjika. Usiku nikimsaidia kulala najifanya sisikii. Mjomba wako hasimami kwa heshima. Kukaa kumemshinda."

Nilibaki na kijiko mkononi. Kenta, nguzo ya stendi, kiti kilicholipiwa, dirisha la fundi cherehani, vyote vilipita mbele yangu. Na ile sentensi ya barua tuliyokuwa tumeikariri ukoo mzima: *akabaki amesimama muda wote wa mahojiano*. Wao waliiandika kama ushahidi wa uzima, nasi tukaiamini zaidi yao.

Nikamfuata ukutani.

"Mjomba, ile mara ya kwanza. Kwa nini hukukaa?"

Alitafuna kwanza, akameza.

"Hawakuniambia nikae."

"Wangekuambia?"

"Ningekaa." Akatazama kile kiti cha plastiki. "Ila wangeniona."

Sikumsumbua tena.

Geita

Bodi ilikaa kwenye chumba cha kuazima chenye meza ndefu. Tuliitwa wa mwisho, tukiwa tumesubiri tangu asubuhi kwenye veranda, mjomba nguzoni kwake. Ndani walikuwa watatu: daktari mwanamke ndiye mwenyekiti, ofisa mmoja mstaafu mwenye masharubu ya kupigwa pasi, na karani wa kuchapa. Mbele ya meza paliwekwa kiti cha mbao kisicho na mikono. Mimi nilipewa benchi la nyuma na kuambiwa kwamba msindikizaji haruhusiwi kuchangia.

Mjomba akapiga saluti, akabaki wima kando ya kiti. Ofisa mstaafu akasoma faili, akatikisa kichwa.

"Mzee Masanja, humu wameandika ulisimama bila msaada."

"Ndiyo, afande."

"Na leo pia naona umesimama."

"Ndiyo, afande."

"Magoti yanakuuma?"

"Yanauma kiasi, afande."

Kiasi. Karani akachapa. Nilitazama sakafu.

Hapo mjomba akatoa ile karatasi ya vipimo yenye muhuri wa mkasi na kuiweka mezani kwa mikono miwili. Daktari aliisoma kimya, akageuza nyuma akakuta vipimo vya suruali ya mtu, akarudi mbele akaisoma tena.

"Hiki kitako cha mzinga, kilikuwa na uzito gani?"

"Sikukipima, mheshimiwa. Nilikibeba."

"Hapa panasema ulianguka nacho mara mbili. Ulianguka vipi? Mbele, nyuma, ubavu?"

"Kwa magoti, mheshimiwa."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote. Mgongoni kulikuwa na mali ya serikali. Nisingeweza kuiangukia."

Daktari akamtazama ofisa. Ofisa akayashika masharubu yake na kutazama faili, ambamo naamini hapakuwa na kisanduku cha jibu kama hilo. Nikainua mkono.

"Msindikizaji haruhusiwi kuchangia," karani akasema.

"Sichangii," nikasema. "Naomba tu mumwambie akae."

Ofisa aliinua uso, akakitazama kile kiti kilichokuwa kitupu tangu tulipoingia, akamtazama mjomba. Nadhani alielewa kabla ya daktari. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ilikuwa sauti ya kazi yake ya zamani.

"Masanja. Kaa chini."

"Ndiyo, afande."

Akageuka, akakipa kiti mgongo. Mkono wake ukatafuta mkono wa kiti, haukuupata, ukashika hewa, kisha ukashika ukingo wa meza. Akaanza kushuka. Magoti yalitoa mlio mkavu ambao niliusikia mpaka benchini. Robo ya njia shati jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Nusu ya njia alikwama, amejikunja pale, wala hayuko juu wala hayuko chini, mdomo umefungwa, macho mbele. Niliinuka.

"Nyanda, kaa," akaniambia bila kugeuka, kwa Kisukuma, kama anamwamuru kijana wake. "Sikukuita."

Karani alikuwa ameacha kuchapa. Daktari akasogeza kiti chake nyuma.

"Inatosha, mzee. Tumeona. Inatosha."

"Bado, mheshimiwa," mjomba akasema. "Sijafika."

Akamaliza. Alipofika kitini alitoa pumzi moja, akaweka viganja juu ya mapaja, akawa mtu aliyekaa. Ofisa mstaafu akauliza, taratibu kabisa:

"Kwa nini hukuwaambia hili mara ya kwanza?"

"Sikupewa amri ya kukaa, afande."

Daktari akamgeukia karani. "Futa hapo ulipoandika kiasi. Andika kwamba mhusika husimama kwa sababu hawezi kukaa. Andika rufaa imekubaliwa, na hii barua ya fundi iambatanishwe, yote, pamoja na hiyo suruali."

Wakafunga mafaili. Walipoinuka kutoka, niliona mabega ya mjomba yakishtuka, miguu ikijaribu, lakini magoti yalikuwa yameshatoa yote yaliyokuwa nayo siku ile. Ofisa alipita karibu naye, akasimama, na akapiga saluti yeye. Mjomba akaijibu akiwa kitini.

Tulibaki wawili na kiti. Nilimwacha apumzike. Nje mtu alikuwa anatangaza mitumba kwa kipaza sauti.

"Shija," akasema baadaye. "Afande ametoka?"

"Ametoka, mjomba."

"Na mimi nimekaa."

"Umekaa."

Uso ukamkunjamana kama mtu aliyepoteza kitu alichokitunza miaka yote.

"Songwa usiwaambie."

Sijawaambia. Dada anajua tu kwamba tumeshinda, na anadhani mimi ndiye niliyemkalisha. Ninyi hamkai Songwa.